Gari likivuta upande baada ya ajali ndogo, tafuta kwanza kilichopinda

AJALI ya kwenye foleni ya mpakani kwa kawaida si ya kutisha. Lori linarudi nyuma kidogo na kugusa pembe ya Probox iliyosheheni vitunguu, au dereva anakwepa bodaboda na gurudumu la mbele linagonga ukingo wa barabara. Taa imevunjika, bampa linaning'inia, hakuna aliyeumia. Wenyewe wanaelewana, bampa linafungwa kwa waya na safari inaendelea kwa sababu mzigo unaharibika.

Shida huanza baadaye. Usukani haukai sawa, gari linavuta upande mmoja, na tairi jipya linakwisha upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Mwenye gari anakwenda kwenye mashine ya kupima magurudumu, analipa, na baada ya wiki mbili yuko palepale.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Kupima na kunyoosha magurudumu ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni kutafuta chuma kilichopinda au kulegea. Fundi anayeanza na mashine huweza kuufanya usukani ukae sawa kwa siku chache huku chuma kibovu kikiendelea kubeba mzigo.

Kinachopinda hakionekani

Bampa limetengenezwa ili lipinde. Likigongwa lenyewe tu, mara nyingi hasara huishia kwenye plastiki, taa na rangi. Gurudumu likigongwa, mambo hubadilika. Nguvu yote hupita kwenye vyuma vichache: rimu, haba na beringi yake, mkono wa chini, tairodi na shokapu.

Tairodi ni chuma chembamba kinachosukuma gurudumu pale usukani unapozungushwa, na ni miongoni mwa vitu vinavyopinda mapema. Kwenye magari kama Toyota Probox na Noah, shokapu ya mbele haipunguzi mtikisiko tu. Ndiyo nguzo inayolisimamisha gurudumu. Ikipinda milimita chache, gurudumu zima hulala.

Uchache huo usidharauliwe. Gurudumu likitazama digrii 1 tu nje ya njia yake, huburutwa pembeni takriban mita 17 kwa kila kilomita. Kutoka Arusha hadi Nairobi, safari ya takriban kilomita 270, tairi hilo litakuwa limesuguliwa pembeni zaidi ya kilomita nne na nusu. Ndiyo maana tairi jipya huisha kabla ya faida ya safari chache kurudi mfukoni.

Soma dalili barabarani

Gari lenyewe husema lilipoumia. Usukani ukikaa pembeni wakati gari linakwenda moja kwa moja, mshukiwa wa kwanza ni tairodi. Gari likivuta upande mmoja bila kukanyaga breki, chunguza upepo wa matairi, tairi lenyewe, mkono wa chini na shokapu. Likivuta pale tu unapokanyaga breki, anza na breki.

Usukani ukitetemeka mwendo ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, angalia rimu iliyobonyea au tairi lililovimba. Mlio wa kugonga kwenye matuta hutoka kwenye boljointi, bushi au shokapu. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika unapokata kona, mara nyingi ni beringi.

Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona ni dalili nzito zaidi. Huenda shokapu imepinda au raki ya usukani imeumia. Na gari likigongwa nyuma kisha likaanza kutembea upande kama kaa, mwili ukitazama huku na safari ikienda kule, ekseli ya nyuma imehama au imepinda.

Kipimo cha Rusumo

Wafanyabiashara wanaovuka kati ya Tanzania na Rwanda wana kipimo cha bure. Barabara hujengwa ikiwa juu katikati na kuteremka kingoni ili maji ya mvua yatoke. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo hata gari zima huteremka kidogo kuelekea kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na mteremko huo huwa upande wa kulia.

Gari linalovuta kidogo kushoto upande wa Tanzania, kisha likavuta kidogo kulia baada ya kuvuka daraja la Rusumo, linafuata barabara tu. Linalovuta kushoto pande zote mbili lina ugonjwa wake.

Asiyevuka huko anaweza kubadilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, mradi si matairi yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama upande, tairi ndilo bovu. Ukibaki ulipokuwa, ugonjwa uko kwingine.

Tepu ya kupimia na macho

Kabla ya kulipa gereji, mwenye gari anaweza kufanya uchunguzi wa dakika 10 kwenye sakafu tambarare, gari likiwa halina mzigo. Sawazisha upepo wa matairi yote kwanza, kwa sababu tairi moja lenye upepo mdogo linatosha kulivuta gari.

Pitisha mkono kwenye ubavu wa kila tairi, nje na ndani. Uvimbe wowote una maana kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo halizibwi, linatolewa. Kisha nyoosha usukani, simama mbele ya gari na utazame nafasi kati ya kila gurudumu na mdigadi wake. Nafasi ya kushoto na ya kulia zifanane.

Mwisho, chukua tepu na upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Kwenye magari ya aina hii vipimo hivyo viwili vinatakiwa kukaribiana sana. Tofauti ikizidi sentimita 1, gurudumu moja limesukumwa, na hapo hakuna sababu ya kwenda kwenye mashine kabla ya kuangalia chini.

Chukulia ile Probox ya vitunguu. Imegongwa gurudumu la mbele kushoto, na tepu inaonyesha upande huo umepungua sentimita moja na nusu. Gurudumu limerudi nyuma, na gari litavuta kushoto. Mkono wa chini ndio wa kushukiwa kwanza, pamoja na bushi zake na mahali unapofungwa kwenye fremu. Kurefusha au kufupisha tairodi hakutalirudisha gurudumu mahali pake.

Gereji, hatua kwa hatua

Ukifika kwa fundi, eleza gari linafanya nini. Usimwambie akubadilishie nini. "Linavuta kushoto tangu gurudumu ligongwe" humsaidia kuliko "nataka kupima magurudumu." Hii inafaa zaidi ng'ambo ya mpaka, ambako jina la kipuri huweza kuwa tofauti na unalolijua.

Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi. Gurudumu lishikwe kushoto na kulia na kutikiswa. Likicheza, chunguza tairodi na raki. Lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, chunguza boljointi na beringi. Lizungushwe taratibu mbele ya kitu kilichosimama ili kuona kama rimu inayumba. Kisha kila kipuri cha upande uliogongwa kilinganishwe na mwenzake wa upande mzima. Mkono uliopinda huonekana haraka ukiwekwa kando ya ule ulionyooka.

Vibovu vikishabadilishwa, ndipo gari liende kwenye mashine. Karatasi yake ina vipimo vitatu vikuu. Too huonyesha kama magurudumu yanatazamana au yanaachana. Kemba huonyesha kama gurudumu limelala ndani au nje kwa juu. Kasta huonyesha kama mhimili linapogeukia umeegemea mbele au nyuma.

Kwenye Probox na Noah kinachorekebishwa kwa kawaida ni too peke yake. Kwa hiyo kemba au kasta ya upande mmoja ikitofautiana sana na ya upande wa pili, karatasi inasema bado kuna kilichopinda. Hilux zina bolti za kurekebisha hata vipimo hivyo, na hapo uwe macho zaidi, maana bolti hizo zinaweza kutumika kuficha mkono uliopinda. Omba karatasi mbili, ya kabla na ya baada, na uzitunze.

Moto na nyundo

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuchoma tairodi au mkono wa chini kwa moto na kuugonga hadi unyooke. Chuma kilichopinda na kuchomwa hupoteza uimara wake hata kikionekana kimenyooka, na kikikatika usukani hauna kazi tena. Vipuri vya usukani na vinavyoshika magurudumu hubadilishwa, havinyooshwi.

Asiyemudu kipuri kipya anaweza kutafuta cha mtumba kizima Gerezani mjini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala. Aende na kile cha zamani mkononi, akikague kama kina kutu nzito, alama za moto au za kuchomelewa. Kwa boljointi, bushi na tairodi endi, vipya ni salama zaidi.

Uendelee au usimame?

Mzigo unaoharibika humshawishi mtu asogee japo kidogo. Yapo mambo yasiyoruhusu hata kilomita moja: tairi lililovimba, gurudumu linalocheza, usukani unaokwama au usiorudi, breki inayovuja, na tairi linalogusa mwili wa gari. Hapo hamishia mzigo kwenye gari lingine. Nauli ya ziada inauma, lakini hasara yake ina kikomo.

La pili ni makubaliano. Usipokee fidia ya bampa na kusaini yameisha kabla gari halijainuliwa. Piga picha, chukua namba za gari na za bima, na upate taarifa ya polisi ya nchi ajali ilipotokea. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ni ya madhara unayomsababishia mtu wa tatu. Gari lako hutengenezwa na bima yako kama ni kubwa, au na bima ya aliyekosa, na zote mbili zitataka ushahidi.

Kabla ya kuliacha gari gereji ya ng'ambo, soma pia tarehe ya kibali chake cha muda na uombe nyongeza kabla hakijaisha.

Gari likitoka gereji, lijaribiwe tupu kwenye barabara tambarare, kisha likiwa na mzigo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu. Baada ya wiki mbili pitisha kiganja juu ya matairi ya mbele, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Yakiwa laini pande zote, kazi ilifanyika. Yakikwaruza upande mmoja, rudi kwa fundi na zile karatasi mbili.