Kihongwe wa Unyamwezi: Kuzoea si Kufugika

Wakazi wa Unguja na pwani ya zamani walikuwa na jina maalumu la punda aliyeletwa kutoka bara, hasa Unyamwezi: walimwita kihongwe, au kiongwe. Sifa yake kubwa ilikuwa ukaidi. Aliuma, alipiga mateke, aliangusha mzigo, na alipoamua kusimama hapakuwa na fimbo iliyomwondoa. Hata hivyo watu waliendelea kumnunua na kumtumia. Wakati huohuo, katika nyika za bara walizagaa pundamilia wanene, wenye afya, wasiouzwa na mtu. Kwa nini basi binadamu alihangaika na kihongwe, asimfunge shogi pundamilia? Jibu la swali hili linahusu urithi ambao Afrika iliupata kwa maelfu ya miaka, na ambao unaweza kupotea kwa muda mfupi sana.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kupita maeneo ya jirani kama Kipalapala kuelekea Ujiji, bidhaa zilichukuliwa mabegani na vichwani mwa watu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi kadhaa. Wageni walijaribu kutumia wanyama. Burton na Speke, waliofika Tabora mwezi wa Novemba 1857, walisafiri na punda, lakini wengi wao walikufa njiani. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa kabla ya kufika mbali. Adui mkubwa wa wanyama katika misitu ya miombo ni mbung'o. Mwaka 1895 David Bruce, akifanya utafiti katika nchi ya Wazulu, alionyesha kuwa mdudu huyo huambukiza nagana, ugonjwa unaoletwa na kijidudu cha tripanosoma kinachoishi katika damu. Farasi hudhurika upesi sana. Punda hustahimili kidogo zaidi, ingawa naye si salama.

Pundamilia, kwa upande wake, huishi katika nchi ya mbung'o bila kudhurika sana. Mbung'o humnyonya kwa nadra, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hata farasi aliyevishwa nguo ya milia hutuliwa na pange wachache kuliko yule aliyevishwa nguo ya rangi moja. Kwa hiyo si ajabu kwamba wakoloni walimtamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya Kijerumani iliyokuwa karibu na Kilimanjaro iliwakamata pundamilia kwa nia ya kuwafuga. Huko Nairobi, daktari Rosendo Ribeiro alijulikana kwa kuwatembelea wagonjwa akiwa amempanda pundamilia. Uingereza nako, Walter Rothschild aliwafunga pundamilia kwenye gari lake na kuliendesha mjini London. Wengine walimpandisha pundamilia kwa farasi ili wapate chotara. Lakini farasi ana kromosomu 64, punda 62, na pundamilia wa nyikani 44 tu. Chotara wao, kama nyumbu wa kufugwa, kwa kawaida ni tasa. Kila chotara ilibidi atafutwe upya.

Mifano hiyo yathibitisha kwamba pundamilia mmoja mmoja aweza kuzoezwa. Haithibitishi kwamba anafugika. Kuzoea ni jambo la mnyama mmoja katika maisha yake. Kufugika ni jambo la kizazi juu ya kizazi, ambapo binadamu huchagua wapole na kuwazalisha, mpaka upole unakuwa sehemu ya mbegu. Pundamilia aliishi na simba, fisi na wawindaji kwa muda mrefu mno. Hushtuka upesi, hukwepa kamba kwa kuinamisha kichwa, na akishauma haachii kwa urahisi. Aliyemzoeza mzazi hulazimika kuanza upya kwa mtoto.

Mfano wa kinyume upo Marekani. Wahispania walipeleka farasi katika bara hilo. Cortés alishuka Mexico mwaka 1519 akiwa na farasi 16. Baadaye farasi waliotoroka walizaana porini, wakaitwa mustang, jina litokanalo na neno la Kihispania lenye maana ya mnyama aliyepotea. Sheria ya mwaka 1971 iliwapa hifadhi, na serikali huwagawa baadhi yao kwa raia wanaotaka kuwatunza; mtunzaji hupewa haki ya kummiliki baada ya kumtunza mwaka mmoja. Siku za kwanza ni ngumu. Farasi huyo hukimbilia pembe ya zizi, hatazamwi wala haguswi. Mtunzaji mvumilivu husogea hatua moja, husimama, na hurudi nyuma mara farasi anapotulia, ili mnyama ajifunze kuwa utulivu wake una malipo. Wengi hatimaye hukubali hatamu na tandiko. Siri yake ni kwamba mustang si mnyama wa mwitu wa asili, bali ni wa kufugwa aliyerudi porini. Pori halikufuta kazi ya mababu wa wafugaji.

Kihongwe naye ni wa kundi hilo. Wataalamu wa chembe za urithi wanakadiria kuwa punda alianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita, hapa hapa mashariki mwa Afrika. Ule unaoitwa ukaidi aghalabu ni tahadhari: mababu zake waliishi katika nchi kavu yenye mawe, na punda anapoogopa husimama kupima hatari kabla ya kukimbia. Fimbo humwongezea hofu, na hofu humfanya asimame zaidi. Mwenye kumzoeza angali mdogo, kumshika miguu kila siku, kumpa maji na mwenzake wa kukaa naye, na kumpunguzia mzigo anapokuwa na vidonda vya mgongo, hupata mtumishi wa miaka mingi.

Urithi huu sasa umo hatarini. Ngozi ya punda hutafutwa sana kwa ajili ya kutengenezea dawa ya Kichina, na biashara hiyo imepunguza punda katika sehemu nyingi za Afrika. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukachukua hatua dhidi ya biashara ya ngozi zake mwaka 2024. Hatua hizo zina msingi wa kisayansi. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi na huzaa mtoto mmoja. Hawezi kufidia uchinjaji wa haraka. Punda-mwitu wa Afrika, ndugu wa mababu zake, wamebaki wachache mno huko Ethiopia na Eritrea. Na pundamilia, licha ya wingi wake na jina lake, hawezi kushika nafasi hiyo. Punda wakimalizika, mzigo wa maji, kuni na mavuno utarudi pale ulipokuwa zamani za misafara: vichwani mwa watu, na safari hii zaidi vichwani mwa wanawake na watoto.