Betri ya Lori la Dizeli: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Lori linalotoka Bandari ya Mombasa kuelekea Malaba hupita katika hali nyingi za hewa kwa safari moja. Linaanza na joto na unyevu wa Pwani, hewa yenye chumvi inayokula chuma, halafu jua kali la Taru na Tsavo. Baada ya siku moja au mbili liko Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi dereva huamka akijifunika koti. Betri ni ile ile, na inatarajiwa kuwasha injini kote huko bila kulalamika.

Betri ikikataa, hasara haimkuti mwenye lori peke yake. Trela moja ikizima kati ya Changamwe na Miritini asubuhi, maelfu ya watu huchelewa kazini. Ikizima usiku mahali pasipo taa, na taa zake za dharura nazo zimekufa kwa sababu betri haina kitu, gari linalokuja nyuma huiona wakati tayari ni kuchelewa. Pembetatu za kuakisi mwanga lazima ziwekwe barabarani hata hivyo, lakini hazichukui nafasi ya taa.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa sababu hewa imebanwa sana ndani ya silinda hadi ikapata moto. Injini ya petroli hubana hewa mara 9 hadi 11 hivi. Ya dizeli hufika mara 15 hadi 18, na nyingine zaidi. Kwa hiyo stata ya lori ina kazi nzito: ni lazima izungushe injini kwa kasi ya kutosha, la sivyo hewa haipati joto na dizeli haiwaki. Kazi hiyo hudai ampea mamia kadhaa kwa wakati mmoja. Betri dhaifu ambayo ingewasha gari dogo kwa kujikongoja, kwenye lori hutoa mlio wa "tak" na kunyamaza.

Malori makubwa mengi hutumia umeme wa volti 24, unaopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, yaani ncha chanya ya moja na ncha hasi ya nyingine. Hapa wengi huteleza katika hesabu. Betri mbili za ampea-saa 200 zikiunganishwa hivyo huongeza volti tu. Akiba inabaki ampea-saa 200, si 400.

Maandishi ya ubavuni yana maana

Katika maduka ya hapa, betri za malori hujulikana zaidi kwa majina kama N120, N150 na N200. Kwa kawaida namba hiyo inalingana na ampea-saa zake, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kutoa polepole kwa saa 20. Ni kipimo cha akiba. Hakisemi lolote kuhusu nguvu ya ghafla inayotakiwa na stata, na ndiyo sababu mnunuzi anapaswa kutafuta pia namba ya CCA. Kwa kipimo cha Kimarekani cha SAE, CCA ni ampea ambazo betri ya volti 12 inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Ulaya na Japani wana njia zao za kupima, kwa hiyo betri mbili zilinganishwe kwa kipimo kimoja.

Mombasa haina baridi ya namna hiyo, na wala Timboroa haifiki huko. Hata hivyo CCA ni dalili nzuri ya nguvu ya kuwashia. Isinunuliwe iliyo chini ya ile iliyotajwa katika kitabu cha lori. Kuizidisha sana nako hakuna faida kubwa kwa gari linaloshinda juani: watengenezaji mara nyingi hupata CCA kubwa kwa kuweka mabamba mengi membamba ndani, na bamba jembamba huliwa mapema kwenye joto. Kwa magari ya ukanda huu, akiba nzuri na mabamba mazito mara nyingi hufaa kuliko CCA ya kujivunia.

Baridi hufichua udhaifu wa betri, lakini joto ndilo linaloiua. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa katika biashara hii ni kwamba kila joto la betri linapopanda nyuzi 10 juu ya nyuzi 25, umri wake hupungua kama nusu. Dereva anayelalamika kwamba betri yake "imekufa kwa baridi ya Burnt Forest" huenda aliiua miezi kadhaa nyuma, Mombasa, na baridi imeleta habari tu.

Ya maji, isiyofunguliwa, au AGM?

Betri ya kawaida yenye vifuniko sita vya kutilia maji bado ni chaguo la busara kwa mwenye lori aliye na utingo mwangalifu. Inavumilia joto, bei yake ni nafuu, na kila seli inaweza kupimwa asidi yake. Isiyofunguliwa humwondolea mtu kazi ya kuongeza maji, lakini maji yakikauka kwa sababu alteneta inachaji kupita kiasi, hakuna la kufanya.

Betri za AGM zimeshikilia asidi ndani ya tabaka za nyuzi za kioo zilizobanwa kati ya mabamba. Haimwagiki, inastahimili mtikisiko wa barabara mbovu, na huvumilia kutumiwa hadi chini kuliko ya maji. Bei yake iko juu, na haipendi kukaa karibu na injini yenye moto wala kuchajiwa kwa volti nyingi mno. Kwa lori ambalo dereva hulala ndani mara kwa mara, akitumia friji ndogo na feni, gharama hiyo inaweza kurudi. Kwa tipa inayobeba mchanga na kurudi nyumbani kila jioni, ni vigumu kuona sababu.

Redio ya volti 12 na betri mbili zisizolingana

Betri mbili za lori ni kama ng'ombe wa jembe moja. Zinapaswa kuwa za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Kuweka moja mpya kando ya nzee ili kuokoa nusu ya pesa ni desturi iliyoenea, nayo ni hasara: nzee hujaa upesi na kuanza kuchemka, mpya haijai kamwe, na baada ya muda mfupi zote mbili hazifai. Zibadilishwe pamoja.

Kuna chanzo kingine cha kutolingana ambacho mafundi wa umeme wa magari hukutana nacho kila wiki. Dereva ana redio ya volti 12, au chaja ya simu, au inveta ndogo. Lori ni la volti 24. Fundi anachomoa waya kutoka betri moja tu kati ya mbili, redio inalia, kila mtu anafurahi. Tangu siku hiyo betri hiyo moja hutoa umeme kuliko mwenzake, huku alteneta ikizichaji zote mbili kwa kiwango kimoja bila kujua. Moja inakaa na njaa, nyingine inashibishwa kupita kiasi. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, kinachovuta umeme kwa betri zote mbili sawasawa. Kinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme wa magari na bei yake haikaribii bei ya betri mpya.

Yeyote anayesubiri kwenye foleni ya Malaba au kulala Mariakani afanye hesabu hii. Taa za kuegesha za kichwa na trela, redio, feni na friji ndogo zinaweza kufikia ampea 10 bila mtu kutambua. Kwa saa 10 za usiku, hizo ni ampea-saa 100, yaani nusu ya N200 iliyojaa na ikiwa mpya. Betri ya kuwashia haikuundwa kushushwa chini ya nusu. Kila inapoachwa katika hali hiyo, chumvi ya risasi hujenga juu ya mabamba, na ikikaa siku nyingi hugeuka ngumu na kutokubali tena kuyeyuka kwa chaji. Kitu ambacho madereva wengi hukisahau ni swichi kuu ya betri. Lori likikaa siku kadhaa likisubiri mzigo, izimwe.

Trela zenyewe nyingi hazina betri; taa zake hulishwa na kichwa kupitia kebo. Taa za nyuma zikififia, fundi aanze kwa kukagua kebo, soketi na waya wa kurudishia umeme kabla ya kulaumu betri. Zilizo na betri zake ni kama zile zenye jukwaa la kupandishia mizigo, au jenereta ya kontena la baridi. Jukwaa hutumia umeme mwingi kwa muda na mara nyingi, kwa hiyo linahitaji betri iliyoundwa kushushwa na kujazwa mara kwa mara. Kuhamishia huko betri nzee ya kichwa ni kutafuta usumbufu na samaki au maua ya watu yakiwa ndani.

Dukani

Betri huzeeka hata ikiwa rafuni, hasa duka likiwa na joto. Mnunuzi aulize tarehe ya kutengenezwa, ambayo hugongwa au kubandikwa kwenye betri, na apendelee isiyozidi miezi sita. Iliyotiwa asidi ipimwe kwa mita mbele yake: iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na 12.2 ni nusu. Iliyosoma chini ya 12.4 tangu dukani imeshaanza kuumia. Zile zinazouzwa kavu na kutiwa asidi siku ya kununua hudumu vizuri rafuni, lakini zisifungwe kwenye lori palepale. Zipumzishwe, kisha zichajiwe.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, ikaguliwe pia. Kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini, namba ya kibali iliyo chini ya alama inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023 ukianza na herufi SM, alama ya # na namba yenyewe. Risiti na kadi ya dhamana zihifadhiwe, kwa kuwa dhamana nyingi za malori ni fupi kuliko za magari madogo.

Kabla ya kufunga mpya, alteneta ipimwe. Injini ikinguruma, volti zinafaa kuwa kati ya 27.6 na 28.8 hivi. Zikizidi 29, betri mpya itachemka na kukauka kama iliyotangulia. Kishikizo kiifunge imara, maana N200 ina uzito unaozidi kilo 40 na ikirukaruka mabamba hupukutika. Baada ya hapo kazi si kubwa: maji ya betri yaliyosafishwa, si ya mfereji wala asidi, uso wa betri uwe mkavu, na ule unga wa kijani au mweupe kwenye ncha uoshwe kwa maji yenye magadi, kisha ncha zipakwe grisi. Karibu na bahari, jambo hilo lifanyike kila mwezi. Wakati wa kufungua, waya wa ncha hasi utangulie, na sigara iwe mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Betri iliyokufa

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hii ni risasi, na Mombasa inajua gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani na makazi ya Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, baada ya wakazi, wakiwemo watoto, kupatikana na risasi katika damu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni; uamuzi huo ukabatilishwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Betri kuukuu isipasuliwe nyuma ya gereji, asidi yake isimwagwe mtaroni, wala mtoto asipewe kuibeba hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Wauzaji wengi huichukua na kupunguza bei ya mpya; akikataa, itafutwe kampuni yenye leseni ya NEMA ya kushughulikia taka hatari. Isafirishwe ikiwa imesimama wima, vifuniko vikiwa vimefungwa, na ncha zake zikiwa zimefunikwa zisigusane na chuma.