Mgonjwa wa Saratani ya Matiti Asisifiwe kwa Kunyamaza

Mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti husifiwa kwa kuvumilia. Anatundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu, anatapika, nywele zinapukutika, na jamaa wakija kumjulia hali anawaambia anaendelea vizuri. Wanaondoka wakimwita jasiri, na jasiri ni kweli. Ninachokataa ni ukimya wake kugeuzwa kipimo cha ujasiri huo. Katika tibakemikali, au kemo kama wengi wanavyoiita, mgonjwa anayesema linalomsumbua anamsaidia daktari kutibu, na anayelificha anaidhoofisha tiba ambayo ukoo mzima umechanga fedha ili aipate.

Ushahidi mmoja mzito unatoka kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York. Daktari Ethan Basch na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 766 wenye saratani zilizokwisha kusambaa, wakiwemo wa saratani ya matiti, wote wakiwa kwenye kemo. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili lilijaza dalili zake kwenye kompyuta: kichefuchefu, uchovu, maumivu, pumzi kubana. Dalili ikizidi, muuguzi alipata ujumbe. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa nusu ya waliohudumiwa kwa kawaida waliishi zaidi ya miezi 26, ilhali katika kundi lililoripoti nusu waliishi zaidi ya miezi 31. Hiyo ni miezi mitano iliyopatikana bila dawa mpya hata moja. Kampuni ingetengeneza sindano yenye faida ya namna hiyo, bei yake ingekuwa ya kutisha.

Ukiangalia namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi, hili halishangazi. Doxorubicin, ile dawa nyekundu inayofanya hata mkojo uwe mwekundu, ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama za mkono. Mara nyingi wa kwanza kugundua ni mgonjwa mwenyewe, anaposikia moto mahali sindano ilipoingia. Akiuma meno akidhani ndivyo dawa ilivyo kali, kidonda chake kinaweza kuhitaji upasuaji. Paclitaxel nayo huleta ganzi vidoleni. Ikitajwa mapema, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Ikifichwa hadi mgonjwa anashindwa kufunga vifungo vya gauni, huenda isiondoke tena. Lakini hatari inayonitisha kuliko zote ni homa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka sana, na mwili hubaki bila ulinzi. Joto la nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuua kabla ya siku kwisha. Kwetu homa hupelekwa kwanza duka la dawa. Mgonjwa ananunua panadol na labda dawa ya malaria, joto linashuka, familia inapumua, na alama pekee iliyokuwa ikipiga kelele imezimwa.

Hata sindano zinazoonekana nyepesi zinadai mgonjwa aseme vilevile. Trastuzumab, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, hutolewa kwa wanawake ambao uvimbe wao una protini iitwayo HER2 kwa wingi. Hao ni kama 15 hadi 20 kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti. Siku hizi inaweza kuchomwa chini ya ngozi ya paja kwa dakika mbili hadi tano, na yenyewe kwa kawaida haipukutishi nywele. Nchini Kenya, mwaka 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche kwamba dozi iliyokuwa ikigharimu takriban shilingi 120,000 ishuke hadi 40,000, nazo zilipwe na bima ya SHA. Hizo ni habari njema kwelikweli. Lakini dawa hii inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana kipimo cha moyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au hivi. Kati ya kipimo na kipimo, anayejua kwamba miguu imeanza kuvimba au kwamba ngazi zimeanza kumshinda ni mwenye mwili.

Wapo watakaosema wanawake hunyamaza kwa sababu nzuri: wakisema, dozi itapunguzwa au tiba itasimamishwa, na saratani itapata nafasi. Hofu hiyo ina msingi. Gianfranco Bonadonna wa Milan alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa walifanya vizuri zaidi kuliko waliopungukiwa. Hata hivyo, katika utafiti wa Basch walioripoti ndio waliobaki kwenye kemo muda mrefu zaidi, wastani wa miezi minane dhidi ya sita. Anayesema mapema hupewa dawa nyingine ya kuzuia kutapika, au sindano ya kuinua chembe nyeupe, au huahirishiwa kwa wiki moja tu. Anayesubiri hadi azidiwe hulazwa, na huko ndiko ratiba inakovunjika. Wengine watakumbusha kuwa subira ni ibada. Sawa, lakini wazee waliotufundisha subira walituachia pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba New York si Mwanza wala Kisumu. Muuguzi mmoja ana foleni inayofika mlangoni, kompyuta za wagonjwa hazipo, na wengi hukatiza tiba kwa kukosa nauli. Nauli sina jibu lake hapa; mgonjwa asiye na pesa ya basi haponi kwa kuzungumza. Kuhusu kompyuta, si za lazima, simu inatosha kumfikia mgonjwa. Utafiti wa ABC-DO uliofanyika Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini uliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti kwa simu za mkononi, wakipigiwa kila baada ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, linataka angalau asilimia 80 ya wagonjwa hawa wamalize tiba. Kliniki inayotaka kufika huko inaweza kuanza na kipimajoto kwa kila mgonjwa anayeanza dripu na namba moja ya simu inayopokelewa hata Jumamosi usiku, kwa kuwa wiki ile ambayo chembe nyeupe hushuka, mgonjwa huwa yuko nyumbani.