Kipandauso kwa Mwenye Maradhi ya Dundumio: Dawa, Saa na Maneno

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, ila hana maneno ya kuyaelezea. Maumivu ya kichwa ni mojawapo. Jijini Nairobi, tangu katikati ya jiji hadi mitaa ya magharibi kama vile Westlands, Kangemi, Kawangware na Uthiru, mtu asemaye "kichwa kinaniuma" aghalabu hupewa mojawapo ya majibu matatu: ana malaria, ana homa ya matumbo, au ameze vidonge viwili kisha alale. Iwapo mtu huyo tayari anatibiwa maradhi ya tezi dundumio, huongezewa jibu la nne: ni ile tezi yake. Kila mojawapo ya majibu hayo laweza kuwa kweli. Vilevile, kila mojawapo laweza kuwa kosa litakalomgharimu mgonjwa miezi mingi ya mateso.

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya maradhi ya dundumio na maumivu ya kichwa, hususan kipandauso, na namna mgonjwa anavyoweza kuyadhibiti yote mawili kwa pamoja. Hoja kuu ni kwamba homoni za dundumio hupimwa kwa damu, ilhali maumivu ya kichwa hupimwa kwa maneno. Hakuna mashine inayoweza kuonyesha kwamba mtu ana kipandauso. Daktari hukitambua kutokana na masimulizi ya mgonjwa.

Dundumio, Rovu na Kipandauso

Dundumio ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Homoni zake huongoza kasi ya shughuli za mwili: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula na hata wepesi wa fikra. Homoni hizo zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa na kufunga choo. Zikizidi, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka na usingizi humpaa. Rovu ni uvimbe wa tezi hiyo. Yafaa isisitizwe kwamba mtu anaweza kuwa na rovu ilhali homoni zake ni za kawaida, na mwingine akawa na upungufu mkubwa wa homoni bila uvimbe wowote.

Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Kenya kutokana na uhaba wa iodini katika udongo na vyakula. Mwaka wa 1978 sheria iliwalazimu watengenezaji wa chumvi kuitia iodini. Leo wagonjwa wengi hupata upungufu wa homoni kwa sababu nyinginezo: kinga ya mwili kuishambulia tezi, katika maradhi ambayo daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyaeleza mwaka wa 1912, upasuaji wa shingo, au matibabu yaliyokusudiwa kupunguza homoni zilizozidi. Kwa wagonjwa wa aina hii, ushauri wa kuongeza chumvi chakulani hauponyi chochote, na huenda ukaleta shinikizo la damu.

Kipandauso nacho si kila maumivu makali ya kichwa. Kwa mtu mzima asiyetibiwa, huchukua baina ya saa 4 na saa 72. Aghalabu hushika upande mmoja, hupwita kama mapigo ya moyo, na huzidi mtu anapopanda ngazi au kutembea. Huandamana na kichefuchefu, au na kuchukia mwanga na kelele. Baadhi ya wagonjwa huona vimulimuli au mistari ya kupindapinda kabla ya maumivu kuanza.

Maumivu ya Nani?

Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa, katika toleo lake la tatu la mwaka wa 2018, unayatambua maumivu yanayosababishwa na upungufu wa homoni za dundumio. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 30 ya wenye upungufu huo huumwa na kichwa. Maumivu hayo kwa kawaida huwa pande zote mbili, hayapwiti, na hutulia homoni zinaporejea kiwango chake. Hapa ndipo umuhimu wa maneno unapodhihirika. Kiswahili kina vitenzi vya kutenganisha mambo haya: kichwa hupwita, hugonga, huwanga, hubana au huchoma. Anayesema "kinabana kote kutwa nzima" na anayesema "kinapwita upande wa kushoto, nami nataka kutapika" wameeleza mambo mawili tofauti, ingawa wote wangeweza kusema tu kwamba kichwa kinauma.

Aidha, uhusiano wa maradhi haya hauendi upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walichunguza taarifa za watu 8,412 waliofuatiliwa kwa miaka 20. Waliokuwa na maumivu ya kichwa tangu awali walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 21 wa kupata upungufu wa homoni baadaye, na waliodhaniwa kuwa na kipandauso, asilimia 41. Utafiti huo, uliotolewa mwaka wa 2016, hauthibitishi kwamba kipandauso huiharibu tezi. Unachoonyesha ni kwamba maradhi haya mawili hukutana katika mwili mmoja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa ambaye vipimo vyake vya damu vimekuwa sawa kwa miezi kadhaa, na bado kichwa kinampwita, asiendelee kuisingizia dundumio. Huenda ana kipandauso kinachohitaji tiba yake chenyewe.

Kuhusu malaria, ikumbukwe kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maambukizi ya malaria humo ni machache. Mwenye homa, hasa aliyetoka safari ya Pwani au eneo la Ziwa Viktoria, apimwe damu kwanza. Kumeza dawa za malaria kila kichwa kinapouma ni kupoteza fedha na wakati.

Mgongano wa Saa

Tatizo kubwa kwa mwenye maradhi yote mawili ni ratiba. Levothairoksini, dawa inayojaza pengo la homoni, humezwa kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kiamshakinywa. Kahawa, maziwa na chai ya maziwa hupunguza kiasi kinachofyonzwa na mwili. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vyapaswa kutenganishwa nayo kwa saa nne. Kwa upande mwingine, kipandauso huchochewa na njaa, kiu na usingizi wa mang'amung'amu.

Mathalan, mwanafunzi wa Bewa la Kikuyu mwenye shughuli katika bewa kuu, katikati ya jiji, hulazimika kudamka. Akimeza dawa pamoja na chai ili asichelewe, dawa haifanyi kazi ipasavyo. Akimeza dawa kisha akaondoka bila kula, msongamano wa Waiyaki Way, moshi wa magari, muziki wa matatu na jua la asubuhi linalompiga machoni humkuta na njaa. Afikapo jijini, kichwa kinapwita, naye huilaumu dundumio.

Suluhisho si kuacha dawa. Kidonge na maji viwekwe kando ya kitanda, vimezwe punde anapoamka, kisha kuoga na kujiandaa kujaze muda ule wa kungoja, na kiamshakinywa kiliwe kabla ya kuondoka. Ikiwa hilo haliwezekani, daktari anaweza kumruhusu kumeza dawa wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya chakula cha jioni. Jambo la msingi ni saa isiyobadilikabadilika. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, na ndiyo sababu kipimo cha TSH hurudiwa wiki sita hadi nane baada ya kubadilishwa kwa dozi. Anayejiongezea dozi kwa kuwa kichwa kilimuuma Jumatatu hatapata nafuu Jumanne. Atapata mapigo ya moyo na kukosa usingizi, nako kukosa usingizi kutaamsha kipandauso.

Dawa ya Moto si Moto

Vidonge vya maumivu hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa ya Tom Mboya na River Road, na hata katika vioski vya mitaani. Vina manufaa vinapomezwa mapema na kwa kiasi. Hata hivyo, mtu mwenye kipandauso anayetumia vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vile vilivyochanganywa dawa kadhaa siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mapya yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Hapo kila kidonge hutuliza leo na kuandaa maumivu ya kesho.

Anayefikia hali hiyo huhitaji dawa ya kuzuia. Propranololi ni mfano mwafaka: hutuliza moyo wa mtu aliyezidiwa na homoni za dundumio, na pia huzuia kipandauso. Lakini haimfai mwenye pumu. Dawa nyingine ya kuzuia, valproeti, yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya maumivu naye amweleze daktari kabla ya kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwani huzidisha hatari ya kiharusi. Ndiyo maana ni muhimu daktari mmoja ajue maradhi yote na dawa zote.

Daftari la Maumivu

Chombo bora cha mgonjwa ni daftari dogo. Humo huandikwa tarehe, saa maumivu yalipoanza na kuisha, upande, kitenzi kinachoyafaa, saa ya kumeza levothairoksini, chakula, usingizi, siku za hedhi, na kila kidonge cha maumivu. Baada ya miezi miwili, daftari hilo likiwekwa kando ya matokeo ya damu, mhudumu katika zahanati ya chuo au katika vituo vya afya vya Kangemi na Westlands ataona mengi ambayo mazungumzo ya dakika tano hayawezi kufichua.

Zipo dalili zisizongoja daftari: maumivu yanayofikia kilele ghafla kama radi, homa pamoja na shingo kukakamaa, ulimi kuwa mzito au upande wa mwili kulegea, maumivu mapya kwa mjamzito, na kupungua kwa uwezo wa kuona pembeni, kwani huenda kuna uvimbe katika pituitari, tezi ya chini ya ubongo inayoiamrisha dundumio. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Hitimisho

Imebainika kwamba dundumio na kipandauso vyaweza kuishi katika mwili mmoja bila kimoja kuwa chanzo cha kingine, na kwamba tiba ya kimoja yaweza kukichokoza kingine pasipo mpangilio wa saa. Imebainika pia kuwa utambuzi hutegemea usimulizi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji na asiulizwe, lakini maumivu ni lazima aulizwe: ni ya upande gani, yanapwita au yanabana, yalianza saa ngapi, na yalitanguliwa na nini. Mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili anayemsindikiza jamaa yake hospitalini ana mchango wa kutoa hapo: kumsaidia aseme zaidi ya "kichwa kinaniuma".