Muziki wa asili na majaribio mapya (2): Upya umo ndani ya ilimba

Katika sehemu ya kwanza tulijiuliza muziki wa asili unaanzia wapi na unaishia wapi. Leo tuzitazame albamu tatu za miaka ya karibuni: mbili za ukoo mmoja wa Kigogo, na moja ya kijiji kimoja cha Busoga, Uganda. Zote zinauzwa kama muziki mpya, na ni mpya kweli. Lakini sehemu kubwa ya upya huo haikutoka kwenye kompyuta za studio. Ilikuwamo tayari ndani ya ala, katika namna mafundi wake walivyozitengeneza na kuzipatanisha sauti.

Ukoo wenyewe ni wa Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003. Alikuwa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, na albamu yake Chibite ya mwaka 1996, chini ya lebo ya Real World ya Uingereza, iliipeleka sauti ya Ugogo mbali. Wengi humkumbuka kama mlinzi wa mila. Ni kweli, ila tukiishia hapo tunampunja. Mzee Hukwe alipiga ilimba zenye vyuma vingi na mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko ilivyozoeleka kwao, na mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Alikuwa mlinzi na mjaribu kwa pamoja, na hakuona ugomvi kati ya kazi hizo mbili.

Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Si vyuma vyote vinavyoguswa. Vingine vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe pale wenzao wanapolia, na hivyo kila noti huacha mwangwi nyuma yake. Tundu la kisanduku huzibwa kwa utando wa buibui, unaoongeza mvumo mkavu juu ya sauti ya chuma. Fundi wa studio asiyeijua ala hii anaweza kuudhani mvumo huo ni kasoro ya maikrofoni akauondoa. Akifanya hivyo ameondoa nusu ya ilimba.

Jambo la pili ni mpangilio wa noti. Uzi unapopigwa hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, na kila mgawanyo hutoa sauti yake ya juu iliyojificha ndani ya ile ya msingi. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyeusoma muziki wa Wagogo kwa kina, alionyesha kuwa ngazi ya noti zao inafuata sauti hizo za maumbile, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Sauti ya saba ndiyo inayoshangaza masikio yaliyolelewa na kinanda, kwa kuwa iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Waimbaji wa Kigogo hujenga upatanifu wao juu ya ngazi hiyohiyo: mmoja akishika noti, mwenzake huruka moja na kushika inayofuata.

Ukiyajua hayo, utaisikiliza kwa sikio jingine albamu ya Maisha, iliyotolewa na Real World mwaka 2024. Wenye albamu ni The Zawose Queens: Pendo, binti wa Mzee Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kwa mila ya Kigogo, wanawake ndio wenye ngoma za muheme, zinazobanwa katikati ya mapaja, lakini katika vikundi vya jukwaani kwa muda mrefu walikuwa waitikiaji na wachezaji, huku wanaume wakishika ilimba, zeze na uongozi wa nyimbo. Hapa wanawake wako mbele. Watayarishaji Oli Barton-Wood na Tom Excell wametia sauti za kielektroniki kwa kiasi, na hawakuziacha zizifunike sauti mbili za wanawake hawa. Badiliko kubwa la albamu ni la nani anaongoza, nalo lina uzito kuliko mashine yoyote.

Msafiri Zawose, mtoto wa Mzee Hukwe, alichukua njia nyingine katika Uhamiaji, iliyotolewa na lebo ya Soundway mwaka 2017. Humo sauti za sinteza ni nzito zaidi na midundo imeelekezwa kwenye dansi. Naikubali albamu hiyo kwa sababu mashine imeifuata ilimba ilikokwenda.

Ushahidi wa tatu unatoka Nakibembe, kile kijiji cha Busoga, na ala yake ya embaire. Embaire ni marimba ya magogo makubwa yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili likuze sauti, nayo hupigwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Mwaka 2023 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kikundi cha embaire cha kijiji hicho, na katika baadhi ya vipande wameshirikiana na wanamuziki wa Indonesia. Ushirikiano huo una mantiki. Embaire huigawa oktava katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, na ngazi ya slendro ya gamelan, yaani vikundi vya ala za kugonga vya Java huko Indonesia, nayo ina hatua tano za namna hiyo. Pande hizo mbili zilikutana bila kupitia kinanda.

Hapo ndipo lilipo onyo kwa studio zetu. Programu za kunyoosha sauti zinazotumika leo huja zimepangwa kwa noti 12 za kinanda. Mwimbaji wa Kigogo akipitishwa humo, ile sauti ya saba huvutwa juu hadi ifanane na kinanda, na maarifa ya vizazi yanafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, mara nyingi na kijana mwenye nia njema aliyeamini anasahihisha kosa. Dawa yake inawezekana: programu nyingi huruhusu kubadili ngazi ya noti au kuzima urekebishaji kabisa. Vyuo vyetu vya sanaa vimfundishe fundi mitambo kuisikia ilimba kabla ya kumfundisha kuirekodi. Na sisi wasikilizaji tuache kusema zeze limetoka nje ya sauti. Zeze limo ndani ya sauti yake, na wajibu wa kujifunza kuisikia ni wetu.

Juma lijalo: nyatiti na orutu za Waluo, na wanawake waliozishika.