Maneno ya Kanga Yakikauka, Mtaji wa Muuzaji Hukwama

KATIKA biashara ya kanga, mzigo unaweza kuwa na rangi nzuri na kitambaa kizito na bado ukalala dukani. Mara nyingi kinachoulaza ni jina, yaani yale maneno yanayochapwa juu ya pindo la chini. Mchoraji akiishiwa na mawazo, hasara haiishii kwake. Humfikia muuzaji mdogo wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Biashara, Mombasa, ambaye alikwishalipia mzigo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Muuzaji amenunua doti 100 kwa shilingi 9,000 kila moja, naye anauza kwa shilingi 10,000. Ametoa 900,000. Ni lazima auze doti 90 ndipo mtaji urudi. Faida yote imo katika zile 10 za mwisho. Akiuza 85, zikabaki 15 ambazo hakuna anayezitaka, amepungukiwa na shilingi 50,000 na hana fedha kamili ya mzigo mpya.

Kwa nini mawazo hukauka? Mchoraji hudaiwa michoro mipya kila mara, na wenye maduka ya jumla huitaka haraka. Akibanwa, hurudia ua la korosho lile lile, hubadili rangi ya pindo, kisha huchukua methali ambayo kila mtu anayo kabatini. Na hata akipata jina jipya likatoka vizuri, wengine huliiga, na soko hufurika. Kwa wachapaji wa Kenya, mchoro mpya unaweza kusajiliwa KIPI kwa miaka 5, na usajili huo huongezwa mara mbili. Wanaotegemea michoro yao wenyewe wasiipuuze nafasi hiyo.

Historia ya kanga inaonyesha pa kupata dawa. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini. Biashara yake ilikuwa ya dukani, karibu na mnunuzi.

Mnunuzi huyo hajabadilika. Mama husoma jina kabla ya kuuliza bei, kwa sababu anataka kanga imsemee: kwa jirani, kwa wifi, kwa mume, au kwa mwanawe anayeolewa. Asipoliona neno analolitafuta, humwambia muuzaji anataka yenye maneno gani, kisha huondoka. Ombi hilo ni habari ya soko ambayo mchoraji aliyejifungia ofisini hawezi kuibuni, na kila siku linapotea bure.

Ushauri wetu ni huu. Muuzaji wa rejareja awe na daftari, aandike maneno yaliyoulizwa yakakosekana, na ampelekee mwenye duka la jumla kila anapokwenda kuchukua mzigo. Mwenye duka naye ayafikishe kwa mchoraji. Mchoraji hatakuwa tena anakuna kichwa peke yake, na muuzaji atapokea mzigo ambao tayari una wenyewe.

Kwa mwenye mtaji mdogo, tahadhari mbili. Kwanza, asiweke fedha nyingi kwenye kanga za tukio. Zile zenye picha ya Barack Obama zilizotoka baada ya ushindi wake wa 2008 zilikuwa gumzo, lakini kanga ya namna hiyo hupoa pamoja na habari yake. Pili, asikose kisutu. Kanga hiyo ya nyekundu, nyeusi na nyeupe haimtegemei mchoraji kupata wazo jipya. Maharusi huihitaji kila msimu, na ndiyo hulinda mtaji wakati majina mapya yanapojaribiwa.

Mwenye duka la jumla anayetaka kuwainua wauzaji wake basi, kabla hajapeleka oda nyingine kiwandani, awaulize ni maneno gani wateja waliyataka wakayakosa.