Kiingereza cha Darasa la Kwanza
Nimefundisha Nachingwea, sasa niko Ruangwa. Watoto wangu wengi huja shuleni na Kimwera cha nyumbani na Kiswahili cha mtaani. Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni kabisa, na afadhali tuseme hivyo wazi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelileta somo hili darasa la kwanza. Awali lilianzia la tatu. Mama mmoja aliniuliza: “Mwalimu, huyu hata Kiswahili hajajua kukisoma, Kiingereza cha nini?” Swali la haki. Lakini sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na huko ndiko wengi huzama.

Wiki za mwanzo sifungui kitabu. Nasema “simama” kwa Kiingereza, nasimama. Nasema “gusa pua”, naigusa. Wao hufuata kwa vitendo, bila kulazimishwa kutamka. Sikio kwanza, ulimi baadaye. Ukifika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wanaleta mabibo: tunahesabu, tunataja rangi, mekundu na ya njano, tunaulizana nani anayo mangapi. Hapo hata wanaokaa nyuma kabisa hufumbua mdomo. Anayekosea simkatizi, narudia sentensi yake kwa usahihi, tunaendelea. Na fimbo naipinga kwa moyo wote: mtoto mwenye hofu huitikia na wenzake, akiulizwa peke yake hasemi kitu.

Kusoma na kuandika Kiingereza nakusogeza mbele, mpaka mtoto asome Kiswahili bila kubabaika.